Miiko ya Mjenzi

Lugha yetu imelipa neno "mwiko" kazi tatu. Mwiko ni kile kijiko kikubwa cha mti ambacho mama husongea ugali. Mwiko ni chombo cha chuma ambacho mwashi huchotea udongo wa saruji na kuutandaza juu ya tofali. Tena mwiko ni jambo ambalo mtu halitendi hata kama hakuna amwonaye, kwa kuwa akilitenda ataharibu kitu kisichorekebishika. Hatudai kwamba maneno haya yametoka katika shina moja. Hilo twawaachia wataalamu wa lugha. Lakini kila tupitapo Chimala na kumwona mwashi amesimama juu ya jukwaa, mwiko mkononi, hatuachi kujiuliza kama na ule mwiko mwingine anao.

Swali tunalotaka kulitafakari pamoja na walimu na wanafunzi ni hili: msimamizi wa ujenzi anawajibika kwa nani? Jibu la haraka ni kwamba anawajibika kwa anayemlipa. Hilo si jibu la uongo. Sisi twaona kwamba halitoshi.

Chimala ni mji mdogo ulio chini ya ukingo wa milima katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Upande wa kusini milima imesimama kama ukuta, na barabara ya kwenda Matamba, katika Wilaya ya Makete, huupanda ukuta huo kwa kona ambazo wenyeji huzihesabu kuwa 57. Upande wa kaskazini limetandaa bonde la Usangu lenye mashamba ya mpunga. Kati ya mlima na bonde zimepita njia kuu mbili, barabara iendayo Zambia na reli ya TAZARA. Kwa sababu hiyo maji yateremkayo kutoka milimani kwenda Usangu hayana budi kupita chini ya barabara na chini ya reli. Mtu aliyekaa huku majira ya mvua hujifunza kuliheshimu kalvati.

Reli hiyo ilianza kujengwa rasmi Oktoba 1970, ikakabidhiwa Julai 1976. Ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mashuleni watoto husimuliwa juu ya mahandaki yake 22 na madaraja yake zaidi ya 300, hasa yale ya kati ya Mlimba na Makambako, nao hustaajabu kwa haki. Lakini ndani ya matuta yake yamefukiwa makalvati zaidi ya elfu mbili, ambayo hakuna mgeni ayapigaye picha. Yuko mtu ambaye zaidi ya miaka hamsini iliyopita alishindilia udongo chini ya kalvati fulani huku kwetu. Angaliweza kuushindilia mara tatu badala ya mara sita, na siku ile asijue mtu yeyote isipokuwa yeye na msimamizi wake. Jina lake hatulijui. Treni inayopita juu yake inategemea jambo lililoamuliwa na watu wawili kwenye shimo.

Kazi ya ujenzi ina tabia hiyo kuliko kazi nyingine: hujifunika. Mshonaji akishona vibaya, mshono utamuumbua siku ya kwanza ya kuvaa. Mpishi akizidisha chumvi, ulimi utamshtaki papo hapo. Mjenzi yeye huchimba msingi kisha akaufukia. Hufunga nondo kisha akazimwagia zege. Hupanga tofali kisha akazipiga lipu. Kila hatua huifunika iliyotangulia, na ya mwisho kuliko zote ni rangi. Wahenga walipotuambia kwamba nyumba njema si mlango, walitutaka tufungue tuingie ndani. Kwa majengo ya leo hata kuingia ndani hakutoshi, kwa kuwa yaliyo muhimu yamo ndani ya ukuta wenyewe na chini ya sakafu.

Tuchukue mfano wa zege, maana wengi hulitazama wasilijue. Ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Maji yakizidi, zege hulainika na kutiririka vizuri kati ya mbao, na vibarua hufurahi kwa kuwa mikono haichoki. Lakini maji yale ya ziada yakikauka huacha vitundu ndani yake, na nguvu hupungua. Mchanga wa mtoni ukiwa na tope, saruji haiishiki kokoto sawasawa. Zege likiachwa juani siku zile za mwanzo bila kumwagiwa maji, hukauka kabla halijakomaa. Wahandisi hungoja hadi siku ya 28 ndipo waipime nguvu yake. Nondo nazo zikilazwa karibu mno na uso wa zege, unyevu huzifikia, hushika kutu, na kutu huvimba hata ikalipasua zege kutoka ndani. Hakuna hata moja kati ya makosa haya lionekanalo siku ya kukata utepe. Mgeni wa heshima huona bati jipya na ukuta mweupe.

Hapo ndipo sahihi ya msimamizi inapopata uzito wake. Karatasi ya ukaguzi ni ushahidi, sawa na ule utolewao mahakamani: husema kwamba mimi nilikuwapo shimo lilipokuwa wazi, nikaona kwa macho yangu. Asiyekuwapo akatia sahihi ametoa ushahidi wa uongo. Nao ni uongo hata kama jengo litasimama miaka mia.

Hatusemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Mwaka 2003, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulikuwa katika mwaka wake wa pili, na fedha za kujengea madarasa zilikuwa zikipelekwa kwenye kamati za shule. Sisi tulikuwa watumishi wa ngazi ya chini katika ofisi ya kata moja ya huku kwetu. Wananchi walikuwa wamekubaliana kuchangia nguvu zao: kila kaya ilete mawe ya msingi. Akina mama waliyabeba kichwani kutoka kijitoni, asubuhi kabla ya kwenda shambani, hata lundo likawa kubwa na watoto wakawa wanalipanda wakati wa mapumziko. Fundi akapatikana. Sisi tukapewa kazi ya kukagua kila hatua kabla ya malipo.

Juma la kuchimba msingi tulikuwa msibani. Tuliporudi, jamvi lilikwisha kumwagwa na kusawazishwa, likang'aa vizuri. Fundi akaja na karatasi yake. Tukamweleza mkubwa wetu wa kazi kwamba msingi hatukuuona. Akajibu kwamba mwaka wa fedha ulikuwa unakwisha tarehe 30 Juni, na fedha isiyotumika ingeleta maswali wilayani. Kisha akatuuliza, "Bwana mdogo, ina maana fundi huyu wamwona mwizi?" Tukaona haya. Fundi yule alikuwa mtu mzima, na kila asubuhi tulimwamkia shikamoo. Tulitia sahihi mahali palipoandikwa kwamba kazi imekaguliwa.

Mvua za mwaka wa pili zilileta ufa kando ya dirisha. Kwanza ulikuwa mwembamba kama unywele. Mtu mmoja, hatukumjua ni nani, akaupaka saruji, na kwa muda ukuta ukaonekana mzima. Methali yetu husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini haikututahadharisha juu ya fundi azibaye ufa kwa nje ili usionekane. Baada ya mwezi ufa ulirudi, ukapokea kalamu, kisha vidole. Mwalimu mkuu akawatoa watoto akawarudisha chini ya mwembe walikokuwa wakisomea zamani.

Siku tulipokwenda kuutazama, tulimkuta bibi mmoja ametangulia. Tukamwamkia, akaitikia marahaba. Akatia vidole vyake katika ufa, akavizungusha kama atafutaye kitu, kisha akatuuliza kwa upole, "Mwanangu, yale mawe yetu mliyatia wapi?"

Ukuta ulipochimbwa pembeni ilionekana kwamba msingi haukufika nusu ya kina kilichoandikwa katika ramani, na mawe yalikuwa safu moja tu. Lundo lililobaki lilikuwa limechukuliwa. Kila aliyeulizwa alikuwa amesikia lori usiku, na hakuna aliyeliona.

Hakuna mtoto aliyeumia. Jambo hilo limetufariji na limetusumbua kwa miaka hii yote. Tuseme ufa ule usingejionyesha, na ukuta ukawaangukia watoto 45 saa nne asubuhi. Dunia ingetuita wauaji, na pengine tungefungwa. Kwa kuwa ufa ulitoa ilani, tuliandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza, na mwaka uliofuata tukapandishwa cheo. Lakini kalamu ilikuwa ile ile, na mkono ule ule. Je, kosa la mtu hupimwa kwa alilotenda, au kwa lililotokea baadaye bila yeye kulichagua?

Sheria za kale zilipima kwa lililotokea. Hammurabi, mfalme wa Babeli, aliyetawala yapata miaka 3,700 iliyopita, aliamuru kwamba nyumba ikimwangukia mwenyewe akafa, mjenzi auawe. Na akifa mwana wa mwenye nyumba, auawe mwana wa mjenzi. Wanafunzi wakiisikia sheria hiyo huisemea ukatili wake, na ni kweli ni katili, maana mwana wa mjenzi hakuchanganya zege. Lakini ina upungufu mwingine: hungoja ukuta uanguke. Mjenzi mwongo ambaye nyumba yake haikuanguka hana la kuogopa. Sisi twadhani kwamba miiko ya kazi ilizaliwa kwa ajili ya huyo hasa, mtu ambaye bahati yake imemfichia kosa lake. Sheria hufika penye kifusi. Mwiko hauna budi kufika wakati shimo li wazi.

Msomaji ataweza kusema kwamba msimamizi si peke yake. Kuna mshitiri, ndiye mwenye kazi na fedha. Kuna msanifu majengo aliyechora, mhandisi aliyepiga hesabu za nguzo na boriti, mkadiriaji majenzi aliyehesabu gharama, mkandarasi, mafundi, vibarua, mtunza stoo na mkaguzi wa halmashauri. Mwaka 1997 Bunge letu lilipitisha sheria za kuwasajili wahandisi, wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, na makandarasi. Na mwaka 2003 ikaja sheria ya usalama na afya mahali pa kazi. Ni sheria njema. Hata hivyo tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa katika eneo la Kisutu, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Taarifa zilizotolewa zilieleza kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10, na jengo lilikuwa limepita idadi hiyo. Ghorofa haifichiki kama nondo. Kila mpita njia aliweza kuzihesabu akiwa barabarani. Na tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo, asubuhi, watu wakiwa dukani.

Wala tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa nchi changa. Mwaka 1907, huko Quebec nchini Kanada, lilikuwa likijengwa daraja kubwa la chuma juu ya Mto St. Lawrence. Mwezi Agosti vyuma vya chini vilionekana vimepinda, na wasimamizi wakaupima upindo huo na kuuandika. Wakabishana: wengine walisema vyuma vimeletwa hivyo kutoka kiwandani, wengine wakasema vinapinda kila siku. Mhandisi mshauri mwenye kauli ya mwisho alikuwa mbali, New York. Mmoja akatumwa kwa treni kwenda kumweleza. Yule mhandisi alipoyasikia alipeleka simu ya maandishi kwamba usiongezwe mzigo zaidi, lakini agizo halikufika darajani kwa wakati. Alasiri ya tarehe 29 Agosti, karibu na saa ya kutoka kazini, daraja likaanguka, wafanyakazi 75 wakafa. Pale penye kazi walikuwapo watu wenye macho ya kuona, wenye elimu ya kupima, na wenye kalamu za kuandika. Alikosekana mtu aliyejiona ana haki ya kusema "simameni".

Tunaposema kwamba wajibu umegawanyika kwa watu kumi, twaufananisha na mkate, kana kwamba kila mmoja amebaki na kipande kidogo asichoweza kulaumiwa nacho. Sisi twauona kama mnyororo. Lori likikwama katika tope la Usangu na likafungwa mnyororo kuvutwa, kila pete huubeba uzito wote wa lori, si sehemu ya kumi. Pete moja ikikatika, ubora wa zile tisa hausaidii kitu. Mtunza stoo aliyetoa mifuko minane na kuandika kumi amebeba darasa zima, na aliyeandika sahihi naye amelibeba zima.

Turudi kwenye swali letu la kwanza. Katika mkataba wa ujenzi mna pande mbili, mshitiri na mkandarasi, nazo zimeandikana majina na kuwekeana masharti. Atakayelala ndani ya jengo hayumo. Mtoto atakayekaa dawati la mwisho karibu na dirisha lile hayumo, huenda hajazaliwa. Hawezi kuuliza, wala hawezi kukataa kuingia, kwa maana sheria yenyewe humtaka aende shule. Pande mbili zikikubaliana kupunguza nondo na kugawana kilichobaki, mkataba wao hautalalamika. Kwa hiyo msimamizi, ingawa hulipwa na mmoja wa wale wawili, amewekwa pale kwa ajili ya yule wa tatu asiyekuwapo. Siku matakwa ya mwenye fedha yanapogongana na uhai wa yule wa tatu, msimamizi anajua asimame upande gani. Kulijua ni rahisi. Kulitenda kumewashinda watu wengi, na sisi tukiwa miongoni mwao.

Liko pingamizi moja ambalo hatupendi kulipita kwa haraka, kwa kuwa ni la watu waungwana. Husemwa kwamba maadili haya ni ya nchi tajiri. Watoto wako chini ya mwembe, mvua inakuja, fedha ni kidogo. Je, si afadhali darasa dhaifu kuliko kukosa darasa? Mwalimu aliyewahi kufundisha ubao ukiwa umeegemezwa mtini hawezi kulicheka swali hili. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa kutumia shilingi trilioni 1.3, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na ndani yake yakawamo madarasa 15,000 ya kuwapokea wanafunzi wa Januari 2022. Chumba kimoja kilitengewa shilingi milioni 20. Katika kazi za namna hiyo mwalimu mkuu aliyesomea Historia hujikuta akihesabu mifuko ya saruji, akibishana bei ya kokoto, na kutakiwa kusema kama zege limekomaa. Hakufundishwa haya chuoni, na muda anaopewa ni mfupi.

Jibu letu ni kwamba umaskini una haki ya kupunguza idadi ya vyumba, lakini hauna haki ya kupunguza kina cha msingi. Fedha isiyotosha vyumba viwili ijenge kimoja. Mti ukimnyeshea mtoto, humlowanisha. Ukuta mbovu haumlowanishi tu. Huku kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa ukingo wenyewe wa Chimala ni kovu la ardhi iliyopasuka, sehemu ya Bonde la Ufa. Desemba 1910 tetemeko kubwa lilipiga upande wa Rukwa. Na Septemba 10, 2016, la Kagera liliziharibu shule za Ihungo na Nyakato hata zikafungwa. Ardhi haisomi hati ya makabidhiano. Lakini kuna haki nyingine pia: anayeketi ofisini na kupanga tarehe ambayo zege haliwezi kuitii, naye ametia mkono katika zege hilo. Tunalisema hili tukiwa watumishi wa umma, tuliokwisha kupanga tarehe za namna hiyo.

Limebaki suala la heshima. Sisi hatukutia sahihi kwa kuhongwa. Hatukupokea hata soda. Tulitia sahihi kwa kumwonea haya mtu mzima na kumwogopa mkubwa, na mambo hayo mawili katika malezi yetu huitwa adabu. Zamani jirani walijengeana kwa ujima. Aliyeleta nguzo iliyoliwa na mchwa alikutana na mwenye nyumba kila siku kisimani, na aibu ikamkagua. Leo fundi hulipwa akaenda zake Makambako au Tunduma, na aliyebaki hana wa kumtazama usoni. Karatasi ya ukaguzi imewekwa mahali pa jicho la jirani. Basi kumkagua mzee si kumvunjia heshima, kama vile kuhesabu fedha mbele ya aliyekupa si kumwita mwizi. Wafanyabiashara wa mpunga wa Chimala huhesabiana noti mbele ya macho, tena ndugu kwa ndugu, na hakuna anunaye.

Darasa lile lilibomolewa na kujengwa upya. Wananchi walikubali kubeba mawe mara ya pili, jambo ambalo hatujui kama sisi tungelikubali. Fundi safari hii alikuwa kijana. Kabla ya kuanza alikata fito yenye urefu sawasawa na kina kilichoandikwa katika ramani, akaichonga ncha, akampa yule bibi. Mtaro ulipokwisha kuchimbwa, bibi aliuzunguka wote, akisimama mahali alipochagua mwenyewe, akiiteremsha fito na kuinama kutazama. Penye kona ya mashariki, kando ya mahali lilipokuwa dirisha, fito ilibaki imechomoza kiasi cha kiganja. Hakusema kitu. Kijana alishuka na sururu. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kutuletea karatasi na kalamu, nasi tukazishika mkononi, tukamngoja bibi amalize kuzunguka.